Kuezua na Kuezeka kwa Mama, Tukuyu

Jumamosi. Dar es Salaam hadi Uyole

Basi limetoka stendi ya Magufuli, Mbezi, jua likiwa bado halijachomoza. Mdogo wangu wa kiume kakaa dirishani, mimi kando yake, na katikati ya miguu yetu kuna begi ambalo konda alitaka liende kwenye buti nikamwomba aliache: lina pimamaji, timazi, mkasi wa bati, nyundo na pakiti za misumari ya bati. Ninauza vifaa vya ujenzi Buguruni, kwa hiyo misumari nimeichagua mwenyewe, nikibonyeza raba zake kwa ukucha. Raba ngumu hupasuka baada ya jua la msimu mmoja, na hapo ndipo maji yanapopata njia.

Tunakwenda kurekebisha paa la mama kabla ya mvua. Mwezi wa nne alinipigia simu: "Mwanangu, Mungu ni mwema, panavuja upande mmoja tu." Mama hana habari mbaya isiyotanguliwa na shukrani, ndiyo maana ukitaka hali halisi ya nyumba unampigia jirani. Jirani akasema sebuleni zimetandazwa beseni, na kitanda cha mama kimehamia chumba cha wageni. Tangu siku hiyo watoto wote tumekuwa tukichanga kila mwisho wa mwezi: wa Geita, wa Dodoma, aliyeko Lusaka na sisi wawili wa Dar. Tukuyu haisubiri mtu. Kule hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua ikishashika Novemba, kuachia kwake ni Mei.

Chalinze, Morogoro, Mikumi. Ndani ya hifadhi dereva kapunguza mwendo, maana kuna vibao vinavyotaja faini ya kila mnyama atakayegongwa, na pundamilia walikuwa wamesimama hatua chache tu kutoka kwenye lami. Ruaha Mbuyuni vitunguu vimerundikwa chini ya mibuyu. Kisha Kitonga, nyuma ya foleni ya malori ya Zambia na Kongo, kona baada ya kona, korongo liko upande wa chini. Mama mmoja nyuma yetu kafumba macho tangu kona ya kwanza, midomo ikicheza. Tulipofika juu akasema, "Asante Yesu," na Ilula akanunua nyanya ndoo nzima.

Baada ya Mafinga mdogo wangu hakusinzia tena. Misitu ya paina ya Sao Hill imeandamana nasi, na malori ya mbao yanatupita yakielekea Dar. Makambako baridi imeingia, kila mtu kavuta sweta lake. Uyole tumeshuka usiku, zaidi ya kilomita 800 zikiwa nyuma yetu. Mama mdogo katupokea na maji ya moto ya kuoga, wali na maharage, na maneno mafupi: "Kuleni mlale. Habari tutaulizana kesho."

Jumapili. Uyole hadi Tukuyu

Tumesali ibada ya kwanza na mama mdogo, tukapanda Noah. Kutoka Uyole barabara inapanda hadi Isyonje, halafu inaanza kushuka, na kijani kinazidi kwa kila kilomita: viazi, kisha migomba, kisha mashamba ya chai yaliyokatwa sawasawa. Mlima Rungwe, mita 2,960 na ushee, ulikuwa wazi kabisa bila wingu. Ndiyo dalili niliyokuwa naitafuta. Kiangazi bado kipo.

Mama alikuwa barazani. Nimepiga goti nikamwamkia, mdogo wangu naye akainama. Katushika vichwa, mkono huku na mkono huku, akasema, "Ndaga fijo, Tata," yaani asante sana, Baba, na hakuwa anasema nasi.

Jioni, kabla ya chakula, kaleta kitabu cha Neno la kila siku. Desturi hiyo ni ya Wamoravian tangu Herrnhut, Ujerumani. Chapa ya kwanza ilitoka mwaka 1731, na hadi leo andiko linalosomwa Tukuyu ndilo linalosomwa siku hiyo hiyo na Wamoravian wa nchi nyingine. Baada ya andiko la siku mama huongeza Zaburi ya 103, tangu nikiwa mdogo: "Ee nafsi yangu, umhimidi Bwana, wala usizisahau fadhili zake zote." Halafu tumekula mbalaga, ndizi zilizopikwa kwa maharage na maziwa mgando pembeni. Nilipoinua macho nikaona silingibodi. Ilikuwa na ramani za kahawia kutoka ukuta hadi ukuta, na kwenye kona moja imelegea kama tumbo.

Jumatatu. Kukagua

Fundi amefika saa moja asubuhi na msaidizi wake, wakanywa chai kwanza. Mama haruhusu mtu apande ngazi na tumbo tupu. Kisha tumepanda, mimi na fundi, tukikanyaga juu ya mistari ya misumari tu, maana chini yake ndipo zilipo papi, zile mbao nyembamba ambazo bati hupigiliwa. Ukikanyaga katikati ya bati chakavu, mguu unaingia ndani.

Tulichokuta ni hiki. Upande wa kusini, unaopigwa na mvua ya kutoka Ziwa Nyasa, bati zimeliwa na kutu kwenye maungio, mahali linapolalia lenzake na unyevu unakaa bila kukauka. Misumari ya zamani ilipigwa kwenye mabonde ya bati badala ya migongo. Ni kosa la kawaida la miaka ile, kwa kuwa kwenye bonde msumari hushika papi kwa nguvu zaidi, lakini maji nayo hupita bondeni, kwa hiyo kila tundu likawa mlango. Kofia, bati linalofunika kilele cha paa, imeinuka. Fisha bodi, ubao wa ukingoni mwa paa, imeoza kiasi kwamba fundi kaimega kwa vidole. Upande wa kaskazini, kwa neema ya Mungu, bati bado ngumu. Zinahitaji misumari mipya na kofia tu.

Basi tukakubaliana kubadilisha upande mmoja. Hapo ndipo ugumu ulipo, na nauandika kwa ajili ya mwenye nyumba ya zamani anayesoma: bati nyingi zinazouzwa siku hizi ni za migongo mipana, na hazioani na za zamani zenye mawimbi madogo. Ukizilazimisha, kwenye muungano unabaki mwanya wa kupitisha kidole. Mdogo wangu kaenda na kipande cha bati la zamani mkononi, duka hadi duka, Tukuyu mjini hakupata, akapanda hadi Mwanjelwa, Mbeya. Kapata za mawimbi, geji 28. Muuzaji alimshawishi achukue geji 32 kwa sababu bei ni nafuu. Mdogo wangu kakulia kwenye duka langu. Anajua kwamba namba ikikua bati linakuwa jembamba. Kalipa zaidi, akakodi Kenta, akarudi usiku anaimba.

Jumanne. Kuezua

Kuezua kunaenda haraka. Kufikia saa tano upande wa kusini ulikuwa wazi, na jua limeingia sebuleni kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1986.

Mama katoka na kiti chake, kakaa uani chini ya mparachichi, akaangalia juu. Fundi alikuwa anagonga kenchi, miti inayobeba paa, moja moja kwa mpini wa nyundo akisikiliza. Iliyo nzima inalia kavu, iliyoliwa na mchwa inalia kama gunia. Kila alipogonga, mama alisema jina.

"Hiyo ya baba yenu mdogo wa Kiwira. Mkaratusi wa shamba lake, alikata miwili."

"Hiyo ya katikati?"

"Mzee wa kanisa. Ameshalala katika Bwana."

"Na hizi papi, Mama?"

"Jumuiya. Kila nyumba ilileta mbili, nyingine tatu. Ile nyeusi ililetwa na mjane mmoja, aliibeba mwenyewe kichwani."

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alianza msingi mwaka 1983, wakati saruji na bati vilikuwa vitu vya kibali na ukipata kibali unaweza usipate bidhaa. Bati alizipata, misumari hakupata ya kutosha. Shangazi yetu wa Masoko alikaa pale pale mama alipokaa leo, na jiwe na nyundo, akanyoosha misumari iliyopinda kutoka kwenye nyumba nyingine zilizobomolewa. Nimeiona leo kwa macho yangu. Fundi alikuwa anang'oa na kudondosha, nami naiokota nisije nikamwachia kuku au mtoto hatari. Kila mmoja una vifundo viwili au vitatu mwilini, mahali ulipopigwa jiwe ukarudi kunyooka.

Kenchi mbili na papi karibu nusu hazifai. Nyingine zote zinabaki. Tumezipaka dawa ya mchwa zote, mpya na za zamani, hasa kwenye vichwa vinavyokaa juu ya ukuta, maana mchwa hupanda kutoka chini kupitia ufa wa ukuta na mbao hukutana naye hapo kwanza.

Mchana, tukila, mama kasema jambo lake. Alikuwa amepanga ibada ya shukrani Jumapili, kwaya imeshaambiwa. "Lakini sitasimama mbele ya kanisa kumshukuru Mungu kwa nyumba, na walioibeba hamjawaona. Waliobaki hai ni watatu. Nendeni." Mdogo wangu akasema muda hautoshi. Mama akamwambia, "Zaburi inasema fadhili zake zote. Unadhani zilishuka kwa kamba?"

Tumefunika paa kwa turubai, tukafunga kamba kwenye mparachichi.

Jumatano. Msiba

Leo nyundo haikugongwa. Alfajiri habari imekuja kwamba jirani wa ng'ambo ya mto kafiwa na mkwewe. Fundi kafika, lakini kavaa koti. Kaja kuaga, naye anaenda kuchimba kaburi na wanaume wenzake. Hakuna aliyeshangaa. Msiba ukiwa kijijini, sauti ya kazi ni matusi.

Nimevaa khanga, nikabeba unga na mzigo wa kuni, tukaenda na mama. Siku nzima tumekaa kwenye mikeka, tumepika kande katika masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea. Tarumbeta za kanisa zimepiga kuelekea makaburini. Na ni hapo hapo, kwenye foleni ya kunawa mikono, nilipokutana na baba mdogo wa Kiwira, ambaye nilikuwa nawaza nitamfikia lini. Nimeinama nikamwamkia. Nikamwambia mkaratusi wake mmoja bado unalia kavu, mwingine mchwa wameula. Kacheka, halafu akanyamaza kidogo. "Ule ulioliwa ndio niliotoa kwanza. Ulikuwa mchanga. Baba yako alikuwa na haraka, na mimi nilikuwa na haraka ya kumsaidia." Kisha kaniuliza urefu wa kenchi zinazotakiwa. Nilisema tumeshanunua. Kasema sikuulizwa kama tumenunua.

Nikamtajia.

Alhamisi. Kuezeka

Saa mbili asubuhi pikipiki mbili zimeingia uani na miti miwili ya mkaratusi, imenyooka, imekauka vizuri, vichwa vimepakwa oili chafu. Baba mdogo mwenyewe kafika nyuma kwa bajaji, na kofia yake ya Jumapili. Fundi kapima akasema ni bora kuliko mbao tulizonunua. Zile za dukani zitatengeneza fisha bodi na banda la kuku.

Nitaandika kazi ilivyokwenda, maana nimeipenda. Tumeanza kupanga bati upande usiopigwa na upepo, ili kila bati linalofuata lilalie la kwanza na mdomo wa maungio usikabili mvua. Kwa upana limelalia lenzake wimbi moja na nusu. Kwa urefu, sentimita 20, kwa kuwa mwinamo wa paa la baba ni mdogo na maji hayana kasi. Misumari yote mgongoni, siyo bondeni. Unapiga hadi raba inabonyea kidogo tu. Ukizidisha, bati linadidimia na umetengeneza kisima kuzunguka msumari. Mdogo wangu alikuwa anapitisha bati kutoka chini, mimi nimekaa kwenye kenchi ya katikati, ile ya mzee wa kanisa, nashika uzi uliovutwa ukingo hadi ukingo, fundi anapiga.

Kanisa letu lilipotuma wamisionari wake wa kwanza, mwaka 1732, kutoka Herrnhut kwenda kisiwa cha St. Thomas, waliotumwa walikuwa seremala na mfinyanzi: David Nitschmann na Leonhard Dober. Nimeliwaza hilo leo juu ya paa. Walipofika wenzao hapa Rungwe mwaka 1891, nao ilibidi wajenge, wafyatue, wapasue mbao, na kijana wa Kinyakyusa aliyetaka kusikia Neno aliweza kujikuta ameshika randa. Sijawahi kuona kazi ya mikono na sala vikitengana katika nyumba yetu. Baba aliomba kabla ya kupanda ngazi, na leo baba mdogo kaomba kabla yetu, kifupi, kofia mkononi, miguu kwenye vumbi la mbao.

Kofia imefungwa saa kumi na moja. Chini yake tumeweka simenti laini kwenye ncha zote mbili ili popo wasirudi. Fundi kamwaga ndoo ya maji kutoka juu kabisa, mama yuko sebuleni anatazama juu, sisi tumenyamaza nje. "Mwaga nyingine," akasema. Fundi kamwaga nyingine. "Nyingine." Ya tatu ilipokwisha tukasikia anaimba.

Ijumaa. Masoko kwa shangazi

Fundi kabaki na mdogo wangu wakifunga gata: kamba ya pimamaji, mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita 3, maji yaelekee kwenye simtanki. Mimi nimepanda bodaboda kwenda Masoko, kule kwenye ziwa lililo ndani ya shimo la volkano na jengo la mawe lililoachwa na Wajerumani.

Shangazi ana miaka ya themanini huko. Kanitambua kwa sauti. Nimepiga goti, kanishika mkono na hakuuachia hata alipokuwa anaagiza mjukuu wake achinje kuku. Nilimletea khanga, sukari na sabuni ya mche. Nilimletea pia msumari mmoja kati ya ile iliyong'olewa, nimeufunga kwenye leso.

Kaupapasa kuanzia kichwa hadi ncha. Macho yake hayaoni vizuri, vidole vinaona. Kasema, "Huu siyo wangu. Mimi nilikuwa nanyoosha kwa kuzungusha, upande huu kidogo, upande huu kidogo. Huyu kaupiga sehemu moja kwa hasira. Huyu ni baba yako."

Ndipo kanisimulia ambayo sikuwahi kuyasikia. Kwamba wiki ile ya kuezeka baba alikuwa amekata tamaa. Mshahara ulikuwa umechelewa, mvua iko Kyela inapanda, na misumari haipatikani. Alikaa chini ya mparachichi akapiga misumari bila kusema na mtu. Shangazi alikuwa amekuja kusalimia tu, siku moja, arudi. Akaweka kikapu chini, akachukua jiwe, akakaa hadi paa likaisha. Mume wake alimfuata akitaka kujua kwa nini harudi, naye akapewa nyundo.

Nikamwambia nimekuja kushukuru. Kasema, "Baba yako alishanishukuru." Nikauliza vipi. Kanionyesha mlango wa chumba chake: kila mwaka, likizo ya Desemba, baba alikuwa anakuja Masoko kutazama nyumba ya dada yake. Bawaba ikilegea anakaza, kitasa kikikwama anapaka mafuta, sakafu ikipasuka anaziba. Alifanya hivyo hadi mwaka aliofariki. Tangu hapo mlango ule unaburuza chini.

Bisibisi ilikuwa nyumbani Tukuyu. Nimeazima kwa jirani wa shangazi, nikafungua bawaba ya juu, tundu za skrubu zimepanuka. Nimechonga vijiti vya kiberiti, nikavisokomeza ndani ya matundu na gundi ya mbao, nikarudisha skrubu. Mlango umeinuka. Shangazi kaufungua na kuufunga mara nyingi, akisikiliza.

Nimekula kuku wote niliowekewa. Ukiacha, amekosea wapi aliyepika?

Jumamosi. Mambo madogo

Koki ya jikoni ilikuwa inadondosha kwa miaka. Washa mpya, kile kiraba cha ndani, na tepu nyeupe kwenye nyuzi, imekwisha. Ufa wa ukuta wa mashariki tumeupanua kwanza uwe na umbo la V, tumeumwagia maji, ndipo tukajaza lipu. Ukijaza ufa mwembamba ulio mkavu, lipu inabanduka Krismasi haijafika. Mama ataumwagilia asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Tumemwekea kopo lake. Silingibodi mpya ya sebule. Rangi ilibaki ya ukuta mmoja tu, tukampa achague, kachagua ukuta unaoonekana mgeni akiingia.

Simtanki mvua ya kwanza isiingie. Tumemwonyesha jirani namna ya kugeuza bomba la gata pembeni, vumbi na kinyesi cha ndege vioshwe kwanza, kisha alirudishe.

Jumapili. Shukrani

Kanisa lilijaa. Mama kavaa kitenge alichotumiwa na yule wa Lusaka. Somo lilikuwa Luka 17, wale wenye ukoma kumi, mmoja tu aliyerudi, na huyo ni Msamaria. Mchungaji hakukaa sana kwenye lawama ya wale tisa. Kakaa kwenye neno moja la mstari wa kumi na tano: alirudi. Alikuwa na njia ya kutembea, na kila hatua ilimchelewesha kufika kwao.

Kisha mama kaitwa mbele na sisi. Alisimama, hakuzungumzia bati hata kidogo. Kataja majina. Mzee wa kanisa, yule mjane wa papi nyeusi, jumuiya nyumba kwa nyumba kama alivyozikumbuka, baba mdogo, ambaye alikuwa amekaa mstari wa pili anatazama chini, shangazi na jiwe lake. Kwa kila jina kuna mtu kanisani alinyanyua kichwa, mtoto au mjukuu, na wengine naona walikuwa hawajui kabisa kwamba bibi yao amebeba papi. Msichana mmoja wa kwaya kafuta machozi kwa ukingo wa joho.

Baada ya ibada, mnada nje kama kawaida: mikungu ya ndizi, maparachichi, mayai, jogoo mmoja aliyenunuliwa na kurudishwa mnadani hadi akachoka kuwika. Sadaka ya mama ilikuwa mikungu miwili na yale masalio ya mbao. Mbao zimenunuliwa na kijana anayeanza kujenga. Mdogo wangu kamsogelea akamuuliza ana misumari.

Jumatatu. Kyela

Wa tatu ni fundi mzee aliyejenga nyumba yenyewe. Anaishi Kyela kwa binti yake. Tumeshuka na Coaster, mabegi yetu ya safari tukiwa nayo. Tukuyu unavaa sweta, Kyela unalivua. Mpunga, mikakao na michikichi kila upande, na joto la ziwani linakupokea mlangoni mwa gari.

Mzee alikuwa kitandani, lakini kichwa chake kizima. Tulipojitambulisha hakuuliza habari za Dar. Kauliza, "Kofia mmeifunga kwa nini?" Mdogo wangu akaeleza. "Msumari mgongoni?" Mgongoni, mzee. "Mimi nilipiga bondeni. Ndivyo tulivyofundishwa. Kenchi ya katikati?" Nzima, inalia kavu. Kafumba macho, akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Ile nilipanda nayo mwenyewe."

Tumeweka mezani mkungu wa ndizi, sukari, shuka jipya kutoka kwa watoto wote, na salamu za mama. Kaomba. Sala yake ilikuwa ndefu na alimwombea baba kama mtu aliyemwacha saiti jana. Alipomaliza katushika tusiondoke.

"Mlango wa nyuma. Sikuuwekea kizingiti. Baba yenu alisema mbao zimekwisha, nikamwambia nitarudi. Sikurudi. Maji yanaingia?"

Nikamwambia ukweli, yanaingia kidogo, mama huweka gunia.

Kamwita mjukuu wake, kijana wa miaka ishirini na kitu, seremala pia, kamwagiza atoe kipande cha mninga kilichokuwa chini ya kitanda chake. Kipande kizito, kimepigwa randa pande zote nne. Kampa vipimo kwa kichwa, bila karatasi: upana wa fremu, unene, mahali pa kutoboa. Mdogo wangu alikuwa na picha ya mlango kwenye simu, tukalinganisha na futi kamba; mzee kakosea chini ya sentimita moja.

Binti yake katufungia mchele. Tutapanda basi la usiku la Dar. Alhamisi kijana atapanda Tukuyu na randa yake, nimeshampigia mama. Kaniuliza kijana anakula nini, na kama mzee ana shuka la kutosha.